Hodi Kabla ya Kumtoa Mgeni

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia ofisini kwa shangazi yake ili warudi nyumbani pamoja. Jina lake halisi lilitumiwa na walimu tu. Wengine wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kiti alichowekewa nacho kililia kila alipogeuka, na shangazi alipenda kusema kwamba hajui aanze kumpaka nani mafuta, kiti au mtoto.

Shangazi alisimamia ghala la data la idara ya afya. Ghala lenyewe halikuwa na ukuta wala bati. Lilikuwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali, na humo zilihifadhiwa takwimu za zahanati zote. Kila mfanyakazi aliyeingia humo kufanya kazi, jina lake lilitokea kwenye skrini ya shangazi. Ofisini watu hao waliitwa wageni. Wageni wakizidi, ghala lilielemewa na kazi zote zikaenda kwa kujikokota. Hapo shangazi aliinua simu na kuuliza, "Hodi! Bado umo?" Akijibiwa "nimo," alimwacha mtu na kazi yake. Akijibiwa "lo, nilisahau kutoka," alibonyeza kitufe cha Toa, na mgeni akawa nje.

Mchana huo ghala lilijaa pomoni. Shangazi alikuwa akisubiri ripoti yake, mara akaitwa na mkuu wa idara.

"Usiguse kitu, mama," alimwambia Chiriku, akatoka mbio bila kufunga kompyuta.

Chiriku akayasoma majina. La kwanza lilikuwa la Mzee Taratibu wa chumba cha pili, mpole aliyemchongea penseli zake zote bila kuombwa. Alikuwa ameingia ghalani tangu asubuhi. Mbele ya jina lake paliandikwa "Kazini," lakini hakuna kilichosogea. Chiriku akachungulia kupitia kioo. Mzee wa watu alikuwa ameegemea kiti, macho kayafumba, mikono juu ya tumbo.

"Kazini gani, na mtu kalala fofofo!" Chiriku alicheka. Alitaka shangazi akirudi akute mambo yameiva. Akabonyeza Toa.

Ripoti ya shangazi ikakamilika papo hapo. Chiriku alikuwa bado anajipigia makofi aliposikia sauti kutoka chumba cha pili.

"Ole wangu! Mgao wa chanjo!"

Watu walikusanyika chumbani kwake, shangazi, mkuu na Chiriku wakiwa miongoni mwao. Tangu asubuhi, Mzee Taratibu alikuwa ameliagiza ghala lipige hesabu ya chanjo ambazo kila zahanati ingepelekewa. Hesabu ilikaribia kwisha, ndipo akafumba macho kidogo kuisubiri. Sasa ilikuwa imekatika, na hesabu iliyokatwa katikati huanza upya. Dereva wa gari la chanjo alikuwa nje, na alipaswa kuondoka kabla ya giza.

"Ni vidole vyangu hivi," Mzee Taratibu alisema kwa unyonge. "Nimebonyeza kitu bila kujua."

"Basi, mzee, kazi hii tutampa mwenye vidole vyepesi," mkuu alisema.

Mzee Taratibu aliinamisha kichwa. Chiriku aliitazama mikono iliyomchongea penseli, na moyo ukamuuma. Mdomo wake usiojua kupumzika haukufunguka. Shangazi akamgeukia.

"Chiriku, mbona kimya? Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi." Machozi yakamtoka. "Ni mimi. Nilimtoa. Nilidhani amelala."

Shangazi alishusha pumzi ndefu, akamshika bega.

"Kumbe hukupiga hodi. Na mimi niliacha kompyuta wazi, kwa hiyo kosa ni letu wawili. Twende tukalirekebishe."

Alipiga simu kila chumba. "Hodi! Jamani, tokeni kidogo, tumpishe Mzee Taratibu." Chiriku naye alikimbia kwa wasiopokea, akagonga milango, akaomba. Majina yakapungua kwenye skrini hadi likabaki moja. Ghala likiwa na nafasi, hesabu iliyojikokota tangu asubuhi ilianzishwa upya, ikaenda kwa kasi, na jua lilikuwa halijazama dereva alipoondoka na mgao mkononi.

"Mzee, niwie radhi," mkuu alisema. "Kazi ni yako."

Chiriku alimsogelea. "Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini siku nyingine nikifumba macho, nitaandika bango: silali, nafikiri!"

Wote walicheka. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, shangazi alimshika mkono Chiriku.

"Sikia, mwanangu. Mtu akiwa kimya, usidhani hana analofanya. Muulize kwanza. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

"Ulijuaje kwamba nina jambo, shangazi?"

"Ulikuwa kimya," shangazi alijibu akitabasamu. "Nikapiga hodi."