Tairi la Akiba Linalokunywa

Jua lilikuwa linatua. Baba Watoto alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, kitambi kimemkalia mapajani kama mgeni asiyejua kuaga. Nchi nyingi amezunguka, ila zote kama abiria. Kesho, kwa mara ya kwanza, angeipanda akiendesha mwenyewe ile njia ya mawe na utelezi, mkewe pembeni. Shemeji yake alikuwa amejifungua ng'ambo ya mlima, na njia ilikuwa hiyo hiyo moja.

"Punguza upepo ili tairi lishike mawe," fundi alikuwa amemwelekeza mchana. "Halafu tia mate kwenye valvu. Ukiona povu, inavuja."

Matairi manne yalikwenda vizuri. Likabaki la akiba, kuukuu, alilouziwa na fundi huyo huyo. Akabonyeza valvu.

Pssss...

Upepo ulitoka wa vuguvugu. Ukamlowesha vidole. Ulinuka nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko.

"Baba Watoto!" mkewe alifoka toka jikoni. "Ndiyo nini hiyo?"

"Si mimi! Ni tairi!"

"Siku zote si wewe."

Akacheka, akatema mate kwenye valvu. Povu likavimba... likanywewa.

Fyonz.

Akatema tena. Safari hii mate hayakukatika. Uzi mzito, wa kijivu, ulitoka mdomoni mwake hadi kwenye valvu, ukivutwa polepole. Akaushika aukate. Ulikuwa na mapigo, kama mshipa. Vinyweleo vya uzi huo, vilivyolowa, vikamganda viganjani, na shina la ulimi likaanza kumuuma. Alitaka kupiga kelele, akaishia kukoroma.

Mkewe alifika na upawa. Akaupiga uzi ule mara moja, ukakatika, ukaingia ndani ya tairi kama mnyoo unaorudi shimoni.

Fundi alipoitwa hakuingia. Alisimama getini, leso puani.

"Hilo la akiba nalo ulilitia mate?" akanong'ona.

"Si wewe uliyesema?" mke akamjia juu. "Umelitoa wapi?"

"Huko huko mlimani, mama. Gari lilionekana. Wenyewe hawakuonekana." Akatazama chini. "Nilidhani limeshashiba."

Simu ya mke ikalia. Alikuwa mdogo wake, sauti imepauka.

"Dada, njooni. Mtoto hataki kunyonya. Kinywa chake kimejaa mate... mazito, yananuka mdomo wa mtu mzima. Nikiyafuta, yanajaa tena."

Mke akazima simu, akaokota funguo chini.

"Panda gari. Tunakwenda sasa hivi."

Baba Watoto alifungua mdomo ajibu. Ulimi ulikuwa mkavu kama gunia. Akajaribu kumeza, hakuwa na cha kumeza.

Koo lake likameza lenyewe.

Kitu chepesi. Cha vuguvugu. Kitamu kidogo.

Maziwa.