Bado, Shija, Maji Yako Juani

Kulwa alikuwa msichana mdogo. Kwao ni karibu na lambo, lile bwawa wanaponywea ng'ombe wa kijiji kizima.

Kulwa alizaliwa pacha. Yeye alitangulia, akaitwa Kulwa. Mwenzake akafuata, akaitwa Doto. Baadaye akazaliwa mtoto mwingine, akaitwa Shija.

Kiangazi kilichopita, Doto aliumwa tumbo. Akaharisha. Akatapika. Baba akambeba mbio mbio hadi zahanati.

Baba alirudi. Doto hakurudi. Doto alikufa.

Watu njiani walisahau. "Kulwa! Doto yuko wapi leo?"

Kulwa akanuna.

"Mama," Kulwa aliuliza, "Doto aliumwa kwa nini?"

"Ni maji, mwanangu. Maji ya lambo yana vijidudu. Havionekani kwa macho."

Kulwa akachungulia ndooni. Akaona maji tu.

Akanuna.

Siku moja Mama alirudi kutoka kliniki ya watoto. Nesi alikuwa amewafundisha akina mama jambo.

"Maji ya kuchemsha ni mazuri," Mama alisema, "lakini kuni zetu hazitoshi kila siku. Basi tutatumia jua."

Mama aliosha chupa za plastiki, zile nyeupe zinazoonyesha ndani. Akabandua karatasi zake. Kwaru, kwaru, kwaru!

Akayaacha maji yatulie. Tope likashuka chini. Akayachuja kwa kitambaa safi. Churu, churu, churu! Chupa zikajaa.

Baba akazilaza juu ya bati. Jua likawaka, waa!

"Zikae hapo tangu asubuhi mpaka jioni," Mama alisema. "Jua litaua vijidudu."

Kulwa akatazama juu. "Jua hili hili? La kila siku?"

"Hili hili."

"Na chupa hizi zilikuwepo? Hata Doto alipokuwepo?"

Mama akainamisha kichwa. "Zilikuwepo, mwanangu. Hatukujua."

Kulwa akanuna. Akaenda nyuma ya nyumba, akalia peke yake.

Mchana Shija akaja. "Dada, maji!"

"Bado, Shija, bado. Jua halijamaliza kazi."

Jioni Baba akateremsha chupa. Shija akanywa. Gu, gu, gu!

Kesho yake Shija akaja tena. "Dada, maji!"

"Bado, Shija, bado. Jua halijamaliza kazi."

Jioni Shija akanywa. Gu, gu, gu! Akanywa mpaka tone la mwisho.

Kisha ikaja siku ya mawingu. Jua halikuonekana kabisa.

"Leo chupa hazitakuwa tayari," Mama alisema. "Zitakaa juu ya bati mpaka kesho jioni."

Maji ya jana yalikuwa yamekwisha. Mama na Baba wakaenda kutafuta kuni, wachemshe kidogo.

"Dada, maji!"

"Bado, Shija, bado."

Lakini Shija alikuwa na kiu kali. Akachukua kikombe. Akakichovya kwenye ndoo ya lambo. Chubwi!

Kulwa akaruka. Akakipiga kikombe, kwaa! Maji yakamwagika. Shija akaangua kilio.

Bibi akatoka jikoni. "We Kulwa! Unamnyima mdogo wako maji? Sisi tumeyanywa hayo tangu utoto!"

"Na Doto aliyanywa!" Kulwa alipiga kelele. "Bibi, Doto naye aliyanywa!"

Mkononi Bibi alikuwa na kikombe chake cha maji ya lambo.

Akakimwaga chini, polepole. Midomo yake ilikuwa mikavu. Akaketi kando ya Kulwa, akampakata Shija.

"Basi, wajukuu zangu," alisema, "tungoje wote."

Wakangoja. Shija alilia mpaka akachoka.

Mama na Baba wakarudi na kuni chache. Moto ukawaka. Maji yakachemka, tokota, tokota, tokota! Mama akayafunika mpaka yakapoa.

"Kulwa aanze," Bibi alisema.

Kulwa akapokea kikombe. Akampa mdogo wake. "Sasa, Shija. Kunywa."

Gu, gu, gu!

Giza likaingia. Kulwa akapanda kitandani. Upande mmoja palikuwa wazi. Hapo ndipo alipokuwa akilala Doto.

Shija akaja, akiburuta shuka lake. "Dada, nilale hapa?"

Kulwa akanuna. Akageukia ukutani.

Shija hakuondoka. Alisimama tu, akingoja.

Mwishowe Kulwa akasogea. "Njoo. Lakini usinipige mateke. Doto alikuwa akinipiga mateke."

Shija akapanda. Tumbo lake lilikuwa shwari. Akalala fofofo.

Mara, puu! Mguu wa Shija ukampiga Kulwa mgongoni.

Kulwa hakuusukuma. Akafumba macho, naye akalala.