Kaburi Lililochimbwa kwa Filamu

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kuazima viti zaidi. Kundi letu la filamu pale Kitengela lilikuwa linaonyesha filamu yake ya kwanza jioni hiyo, mwaka wa 2006, katika ukumbi wa kanisa. Wageni waliokuja kwa warsha ya filamu walikuwa wanatoka Nairobi na Kajiado mjini. Wageni wakubwa, viti vya plastiki. Ndivyo tulivyokuwa.

Nilikatiza katika shamba la babake mwelekezi wetu, Wanyoike. Hapo ndipo tulipopigia picha za mazishi. Katika filamu, msichana anazikwa kimakosa akiwa hai, na aliyeigiza msichana huyo ni dada yangu, Whitney. Alilala ndani ya kaburi la kweli, alilolichimba Wanyoike mwenyewe, amefungwa shuka jeupe, Wanyoike akiwa juu na kamera. Hatukutupa hata konzi moja ya udongo. Wanyoike alitaka kimya kitupu, na kwa kuwa kazi yangu ni sauti, mimi ndiye niliyejua kuliko wote kwamba hapo hapakuwa na sauti.

Tulipomaliza siku ile nilimwambia tutafute mgomba, tuuzike mle ndani. Kwetu Bungoma kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, lisije likadai mtu. Likikosa mtu linapewa mgomba, mambo yanaisha, watu wanaenda kulala. Wanyoike alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bro, hii ni Kitengela. Mgomba nitatoa wapi, kwa swara?"

"Basi tuifukie tu."

"Wacha hiyo shimo, labda tutarudia scene. Nyinyi watu wa western na matanga!"

Kila mtu alicheka. Hata Whitney.

Sasa, jioni hii, nilifika pale nikasimama ghafla.

Kaburi lilikuwa limefukiwa.

Tuta lilikuwa limeinuliwa vizuri, limepigwapigwa kwa mgongo wa jembe, kama wanavyofanya nyumbani. Nikagusa udongo. Ulikuwa umelowa. Na mvua ilikuwa imetusahau kabisa mwaka ule, ng'ombe wa watu walikuwa wanakufa kando ya barabara.

Lazarus, mlinzi wa shamba, alikuwa ameegemea lango.

"Sopa, Lazarus," nikamsalimu kwa Kimaasai. "Nani amefukia hii?"

"Epa," akaitikia. "Si ni watu wenu? Walikuja mchana, wazee na wamama. Walikuwa wanaimba na ile lugha yenu. Nikajua ni mambo ya filamu."

"Walikuja na gari gani?"

Akachungulia barabarani.

"Gari... sikuona."

Nikaanza kuondoka. Akaniita tena, sauti yake chini.

"Mzee mmoja aliuliza, msichana yuko wapi. Nikamwambia ako kwa kanisa jioni, kuna sinema..." Akanitazama. "Nilikosea?"

Viti sikuvichukua. Nilikimbia.

Whitney alikuwa mstari wa mbele, amevaa gauni la manjano alilolipiga pasi tangu asubuhi. Mgeni mmoja wa warsha alikuwa amemwahidi nafasi ya kufunzwa uigizaji Kajiado, na furaha ilikuwa imemjaa hadi hawezi kukaa tulivu. Nikamwinamia sikioni.

"Twende nyumbani."

"Khisa, please. Leo? Leo kweli?"

Nikamwendea Wanyoike nikamweleza niliyoyaona. Hakunitazama hata.

"Ni watu wanatuchezea. Enda ukae kwa mashine yako."

Nikaenda. Kinasa sauti changu cha kanda kilikuwa tayari kinazunguka mezani, maana tulitaka kunasa mjadala wa wageni baada ya filamu. Taa zikazimwa. Macho yangu yalikuwa kwenye kisogo cha dada yangu, si kwenye picha.

Mambo yalienda sawa kwa muda. Watu walicheka tulipotaka wacheke.

Kisha likaja kaburi. Whitney ukutani, mkubwa, macho yamefumbwa. Kimya.

Tup.

Nilidhani kuna mtu ameangusha kitu.

Tup... tup.

Ni udongo. Udongo unaotua juu ya nguo. Nikaishusha sauti hadi chini kabisa. Haikupungua. Harufu ikaingia, ya ardhi iliyotoka kunyeshewa na ya moshi wa kuni za matanga. Halafu, kutoka nyuma ya ukumbi, wimbo ukaanza. Mwanamume mmoja aliongoza kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, sauti nzito, na wanawake wakamwitikia polepole.

Nikageuka. Nyuma hapakuwa na mtu aliyefungua mdomo.

Wanyoike akanijia mbio, meno yote nje.

"Umetoa wapi hiyo? Khisa, hiyo ni safi sana!"

"Si mimi," nikamnong'oneza. "Wanyoike, si mimi."

Whitney alikuwa ameshika kifua. Niliruka magoti ya watu hadi nikamfikia. Uso wake ulikuwa umejaa jasho na mdomo ulikuwa unatafuta hewa.

"Khisa... waambie wawache kunirushia."

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Wanyoike alinishika mkono kwa nguvu.

"Wageni wanaona! Ngoja tu hii scene iishe."

Nilimsukuma, nikarudi kwenye meza, nikang'oa waya. Picha ikafa ukutani.

Wimbo haukufa.

Uliendelea gizani mpaka ubeti wa mwisho. Ulipoisha, wageni wakapiga makofi.

Taa zilipowashwa Whitney hakuwa anapumua. Daktari aliandika pumu. Dada yangu hakuwahi kuugua pumu hata siku moja, nilimwambia hivyo, naye akanipa pole na kuita mgonjwa mwingine.

Filamu ilipata tuzo huko Kajiado. Wanyoike alipanda jukwaani akaomba watu wasimame kimya kwa heshima ya Whitney, akalia machozi ya kweli, kisha akasema ile scene inaonyesha tunaweza kushindana na mtu yeyote. Siku hizi anaendesha warsha, anafunza vijana kuelekeza. Namchukia. Nasema waziwazi ili mtu asinitafutie maneno.

Tulimzika Bungoma, kando ya Baba, ambaye alitutoka mwaka wa tisini na nane. Matanga yalipoisha Mama akaniambia amesikia niko na kanda ya siku ile. Nikamkatalia, akazidi kuomba. Mwishowe nikaiweka kwenye redio mchana mmoja, yeye akiwa ameketi jikoni na ungo wa maharagwe magotini.

Alisikiliza udongo ukianguka bila kuinua kichwa. Mwimbaji alipoanza, vidole vyake vikasimama juu ya maharagwe.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha.

"Tena."

Nikarudisha tena.

"Mama, unajua huyo mtu?"

"Huyo ni baba yenu."

Hakulia. Alirudi kuchambua maharagwe yake, taratibu, akitoa mabovu.

"Ametoka hapa mpaka Kitengela," akasema, "na akashindwa kuchukua mwenye alichimba."