Mkate wa Zuwena Niliuita wa Mama Yangu

Nina miaka hamsini na saba, ni mjane, na naishi peke yangu mtaa wa Azaiba katika nyumba ya vyumba vitano. Wanangu wako Ansab. Si mbali, lakini wana kazi zao... mnawajua wenyewe watoto wa siku hizi. Msinihurumie kabla hamjasikia nilichokifanya!

Aliyeniondolea upweke ni Zuwena, mjane wa kaka yangu. Karibu kila siku baada ya alasiri binti yake alimleta kutoka kwake Sidab, tukakaa mbele ya televisheni kutazama kipindi cha mapishi. Hatukutazama kimya! Tulimsema mpishi kwa kuunguza vitunguu, tukamcheka kwa kupima chumvi kama dawa. Zuwena alikuwa akidai biriani ya mpishi yule hata paka wake angeikataa.

Siku moja ikatangazwa kuwa wanatafuta wanawake wanaopika majumbani waje kupika kwenye kipindi. Zuwena alisema yeye kamera anaionea haya. Mimi... kesho yake nikajiandikisha kwa siri.

Nipike nini sasa? Mimi ni mpishi wa kawaida tu. Lakini Zuwena alikuwa amenifundisha mkate wa kumimina wa mama yake, unaoumuliwa kwa maji ya dafu yaliyolala, bila hamira. Ilikuwa siri ya kwao. Alinifundisha nilipofiwa na mume wangu, ili mikono yangu ipate cha kufanya.

Nikaupika huo mbele ya kamera, mtangazaji akaniuliza nimejifunza kwa nani. Nikajibu kwa marehemu mama yangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, mkate wa kumimina alikuwa akiununua kwa jirani! Shetani gani alinishika ulimi? Nilitaka kupendwa kidogo, basi. Nikalia, mtangazaji naye akalia.

Waliniambia kipindi kitaonyeshwa Alhamisi. Nikapanga kumwambia Zuwena kuwa siku hiyo nina miadi ya daktari. Kikaonyeshwa Jumatatu! Zuwena yuko kando yangu, chai mkononi. Nilitaka kuizima televisheni, akanishika mkono. Alitazama mpaka mwisho, hata pale nilipojifuta machozi.

"Mama yangu hakuniachia nyumba wala dhahabu," akasema. "Kaniachia mkate huu tu. Nawe umempa mama yako."

Akavaa abaya yake, akaenda kumsubiri binti yake nje kwenye jua. Nilimsihi aingie ndani, akanipa mgongo.

Wiki ile simu za pongezi zilimiminika. Wanangu walikuja wote, wakala, wakapiga picha, wakaondoka. Nikabaki na vyombo vya kuosha. Nilipiga simu kule kwenye kipindi niombe kusahihisha. Kijana mmoja akanijibu kwa adabu kuwa hicho kimeshapita. Zuwena nilimpigia kila siku. Aliitikia salamu, akaniuliza afya yangu, akakata.

Mwishowe nikaenda Sidab. Kwa miaka thelathini niliingia nyumba ile kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja jikoni. Safari hii Zuwena alinifungulia mlango wa mbele, akanikalisha majlisi, chumba cha wageni. Akaniletea tende, halwa na kahawa, kama mke wa balozi!

Nikamwambia nimemkosea, anisamehe.

"Nimekusamehe, Bi Asya," akasema.

Bi Asya! Maisha yetu yote aliniita wifi.

Nilifungua mdomo nimweleze zaidi, yeye akainuka. Aliporudi alikuwa na chetezo, udi unafuka. Mnaoishi huku mnajua maana yake: udi ukishapitishwa, mgeni anaaga. Akanifukiza mtandio kwa heshima zote, huku kahawa yangu bado ya moto. Ningefanya nini? Niliinuka, nikashukuru, nikatoka. Nililia njia nzima mpaka Azaiba, dereva wa teksi akizidi kuniuliza kama nimefiwa.

Wasomaji wenzangu, nakuombeni... aliyekufundisheni kitu, mtajeni kwa jina lake, hata kama hayupo kusikia. Sifa nilizozitafuta zilidumu wiki moja. Nilidhani msamaha ungenirudishia wifi yangu. Msamaha nimeupata, na jioni zangu zote bado nakaa peke yangu.