Majina Kutoka Kisiwani

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Jelagat, mzaliwa wa Kapsabet aliye nesi hapa Lodwar, na kila nikimwomba ayarudie hukataa.

Alitumwa kupeleka dawa za malaria kwa wavuvi wa kisiwa kidogo kaskazini mwa ziwa, karibu na mpaka, ambako bunduki hulia mara kwa mara. Aliyemvusha ni Lokwawi, Mturkana aliyezaliwa ufukweni. Mchana huo vumbi lilifunika jua mpaka maji yakawa meusi na kisiwa kikawa kivuli tu.

Walipokikaribia, Lokwawi alizima injini.

"Hapa hatushuki hivi hivi," akasema. "Mimi naita, halafu kila mtu huko anataja jina yake. Nikijua sauti zao zote, tunashuka. Nikisikia moja sijui, tunarudi. Na wewe sista, nyamaza kabisa. Wakisikia mgeni, watapiga risasi."

Jelagat akajifunga leso mdomoni.

"Ejok!" Lokwawi akaita, akiwasalimu kwa Kiturkana.

Maji yaligonga mbao za boti. Kisha mwanamume mmoja akajibu kutoka gizani, "Ekiru." Lokwawi akaitikia kwa kichwa. "Lomuria." Akaitikia tena. "Ewoi." Hapo akatabasamu, akashika kasia ili wasogee hadi ufukweni.

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke, kutoka kule kule kwa wavuvi, taratibu, ile ile ya nesi aliyejifunga leso, kwa lafudhi ya kwao Kapsabet.

"Jelagat," ikasema.