Saa Kumi za Ndege ya Babu

Asubuhi ya Jumatano, Chiku alikuwa uani kwao, kijijini Munje, akitwanga mahindi kama kila siku kabla ya shule, lakini moyo wake haukuwa kwenye kinu. Babu yake, Abdurahman, alitazamiwa jana adhuhuri kutoka Hija. Mbuzi alichinjwa, majirani wakajaa barazani ili awaombee dua kabla hajaingia nyumbani mwake. Hakutokea. Pilau ikachacha sufuriani.

Siku hiyo ya kurudi ilitajwa na Chiku mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Kutoka Jidda hadi Nairobi ni kama maili elfu moja na mia sita. Ndege za siku hizo zilienda maili mia moja na sitini kwa saa. Basi ni saa kumi tu, kisha garimoshi hadi Mombasa. Wazee walimsifu, naye kichwa kikamvimba.

Binamu yake, Matano, aliingia uani akitafuna muwa. "Bingwa wa hesabu, ndege yako imeanguka," alisema. "Babu ashaliwa na papa."

Chiku aliinua mchi akamtwanga nao kichwani. Matano alipepesuka, damu ikamtiririkia machoni, kisha akamrukia. Walibiringishana juu ya mahindi wakiparurana. Matano alimkaba koo. Chiku akamng'ata mkono mpaka akaonja damu. Bibi yao, Mwanarusi, alikimbilia kuwaamua, wakamsukuma, akaangukia kinu na mkono ukateguka. Aliachia ukelele wa maumivu. Majirani walipousikia walidhani habari mbaya imefika, na kilio kikapokewa nyumba hadi nyumba: Abdurahman amekufa!

Chiku alimwachia Matano akasimama.

"Nyamazeni!" alilia. "Babu hajafa! Mwalimu Dzombo wa shuleni aliniambia zile saa kumi ni za kuruka tu. Ndege hutua njiani kutia mafuta, na huenda ikalala huko. Nilificha ili nionekane najua."

Bibi aliushika mkono wake uliovimba. "Jana usiku nililia chumbani, Chiku. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Bibi."

Bibi alimpa kisogo akaingia ndani, na hilo lilimuuma Chiku kuliko makucha ya Matano.

Alasiri ya siku hiyo hiyo Babu alishuka kwenye lori, mchovu lakini mzima. Ndege yao ilikuwa imelala njiani usiku mmoja. Aliomba dua, kisha akaona bendeji kichwani mwa Matano na mkononi mwa Bibi, akataka kuelezwa. Aliposikia yote, alimimina maji ya Zamzam kikombeni na kumpa Chiku ampelekee Matano kwanza.

"Shikamoo, Babu," Chiku alisema kwa kwikwi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Saa kumi zako ni za kweli. Lakini lile ulilolificha limempasua mwenzako kichwa na kumtegua bibi yako mkono. Unalolijua liseme lote, na usilolijua sema hulijui."

Chiku alimpelekea Matano kikombe, akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe."

"Nami nisamehe," alisema Matano. "Nilimzulia Babu kifo."

"Basi okoteni mahindi," Bibi alisema. "Mpaka mkono wangu upone, mtatwanga nyinyi wawili, kinu kimoja."

Jioni hiyo walitwanga kwa zamu, bila kutazamana, na kila Chiku alipoinua mchi, Matano alirudi nyuma hatua moja.