Kona ya Minong'ono

Siku ile pale kwenye kasri la kale la Alhambra walikuwepo rafiki yangu Encarni, mumewe Fermín, mama mkwe wake Angustias aliyepoteza usemi tangu apate kiharusi, na mwongozaji wao wa watalii. Angustias alichoka, wakamwacha nje kwenye benchi.

Ndani ya chumba chenye giza mwongozaji akasema, "Nong'oneza ukuta. Aliye kona ya pili atasikia."

Encarni akadhani Fermín yuko kule. "Mama yako mzigo, jamani. Si tungemwacha nyumbani?"

Ukuta ukajibu taratibu, kwa sauti ya Angustias: "Nisamehe, mwanangu. Nawachelewesha."

Kona ilikuwa tupu. Fermín alikuwa bado mlangoni.

Nje, Angustias alikuwa amemenya chungwa. Akampa Encarni nusu kubwa, naye akashindwa kumtazama usoni.

Mpaka leo Angustias hajasema neno.